Dada, Mimi Niliweka Komeo, Mlango Aliufunga Yeye

Umetimia mwaka leo, Dada, tangu uache nusu kikombe cha chai mezani ukasema utaimalizia jioni. Mama hakutaka kikombe kile kioshwe. Kilikaa pale siku kumi. Siku ya kumi na moja Shemeji alikiosha mwenyewe, akakifuta, akakirudisha kabatini mahali pake, na hakuna aliyemsemesha mpaka kesho yake.

Wengi wanaosoma hapa gazetini hawakujui kwa sura, lakini siku wanaijua. Ni ile siku jumba la kushonea nguo lilipoungua mchana kweupe, watu sitini na mmoja wakafia ndani, na bendera zikapepea nusu mlingoti kwa siku tatu. Wewe ni mmoja wa wale sitini na mmoja. Kwa taifa hiyo ni idadi. Kwetu ni kiti chako, viatu vyako vya kazini, na mkasi wako ambao binti yako hataki mtu aukatie karatasi.

Redioni wametangaza kwamba leo tukumbuke kwa wema. Kila mtu amkumbatie ampendaye, kila mtu amtendee jirani jambo jema. Ni maneno mazuri na sina ugomvi nayo. Mimi nimeanza mapema, nimemkumbatia Mama mpaka akaniuliza kama naumwa. Lakini wanaotangaza ndio hao hao waliotoa ile ripoti ya moto. Mtu akiwa amenikanyaga mguu, halafu akaniambia tukumbatiane, mimi huomba kwanza atoe mguu.

Mama aliponiona nimekaa na kalamu alisema, "Mwanangu, andika mema tu. Usimsumbue mwenzako alikolala."

Nikamwambia, "Mema nitaandika yake, Mama. Mabaya nitaandika ya wengine."

Akakunja shuka aliyokuwa ameshaikunja. "Basi andika vizuri," akasema. "Mwandiko wako kama kuku amepita."

Kwa hiyo naanza na mema, Dada, na mema yako ni vifungo.

Ulitembea na kopo la rangi ya viatu ndani ya mkoba, na ndani ya kopo hilo vifungo vya kila aina, sindano mbili na uzi wa rangi tatu. Hukuweza kumpita mtu ambaye kifungo chake kinalegea. Ulimsimamisha karani, ulimsimamisha polisi, ulimsimamisha muuguzi akiwa na bomba la sindano mkononi. Siku ya harusi ya binamu yetu ulimsimamisha bwana harusi mlangoni.

"Simama hapo, bwana mdogo. Kifungo chako kinakuaga."

"Mama, watu wananingoja ndani."

"Chagua. Wakungoje kidogo, au waingie wote kukutazama kitovu."

Alisimama. Ulimshonea akiwa amevaa, ukakata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa nao, ukampiga begani kama mtu anayefunga kitabu. Hukuwahi kumwuliza mtu jina lake. Ulisema jina halishikilii shati.

Mimi ulinishona zaidi ya shati. Baba alipofariki niliacha shule darasa la tano, na wewe ndiye uliyenitafutia kazi kwa fundi wa vitasa. Ulinipeleka wewe, ukanikabidhi, ukamwambia, "Huyu ni mbishi lakini si mwizi. Mbishi anafundishika."

Wiki ya kwanza fundi aliniambia, "Nenda kwa yule mama mwalimu ukamfungie kitasa, halafu urudi haraka." Nikaenda. Nikafunga kitasa kipya mlangoni kwa skrubu nne. Nikakijaribu, kikafunga barabara. Nikarudi mbio, ufunguo mfukoni. Mwalimu alikuwa ndani. Alikaa humo hadi jirani alipomsikia akigonga dirisha kwa mwiko.

Fundi aliponishika sikio nilimwambia, "Si wewe umesema nimfungie?"

Uliposikia habari ile ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku hiyo hukuniita tena jina langu. Uliniita Funga. Mtaa mzima ukaniita Funga. Hata leo wapo wateja wasiojua kama nina jina jingine.

Ulipomaliza kucheka ulinipa sheria. Nakumbuka ulikuwa unapinda suruali yangu, pini zimejaa mdomoni, ukazitoa moja moja ili uongee. "Kitasa unakiweka. Mlango unaufunga. Kuweka ni kazi ya fundi, kufunga ni kazi ya mwenye ufunguo. Usichanganye, Funga. Ukichanganya, siku moja watakufunga wewe."

Niliifuata sheria hiyo miaka thelathini. Mafundi wenzangu wote husema wamefunga kitasa, wamefunga bawaba, wamefunga komeo. Mimi husema nimeweka. Walinicheka, nikazoea. Katika miaka yote hiyo nilisahau mara moja tu, na mara hiyo ndiyo inayonifanya niandike tangazo refu hivi.

Sasa wasomaji wanisikilize, nitasema kwa mpangilio.

Miaka miwili iliyopita, Meneja wa jumba lenu alikuuliza kama unamjua fundi wa milango. Ukanileta mimi. Alitaka komeo upande wa nje wa mlango wa nyuma, na kufuli. Alisema vitambaa vinapotea watu wakishaondoka jioni.

Nililipima lile komeo nikiwa sina raha. Nikamwambia, "Komeo la nje ni la stoo. Hapa kuna watu."

"Ni la jioni, fundi. Watu wakishatoka."

"Mchana kufuli lisiguswe. Lining'inie wazi."

"Fundi, mimi nimesoma."

"Sijakuuliza umesoma wapi. Nazungumzia kufuli."

Wewe ulikuwa kwenye cherehani yako, meza ya tatu kutoka mlango wa mbele, ukainamisha kichwa ili asikuone unavyocheka. Kisha ukainuka, kwa sababu ulikuwa umeona kifungo cha mkono wa shati lake kinaning'inia. Ulimshonea akiwa anazungumza na simu. Alikunyooshea mkono kama mtu anayeunyooshea upepo, hakukutazama, na simu ilipokwisha akaenda zake.

Kila mteja wangu akichukua funguo hutia sahihi katika kitabu changu: funguo ngapi, za mlango upi, siku gani. Fundi aliyenilea alinifundisha hivyo, ili kukitokea wizi mtu asimwangalie fundi. Meneja alitia sahihi. Funguo mbili, mlango wa nyuma, zote amechukua yeye. Sahihi yake ina mkia mrefu unaoingia mstari wa mteja anayefuata. Naiona kila siku.

Nilipokuwa nakusanya vifaa ulinifuata mlangoni. "Una uhakika mchana haufungwi?"

"Haufungwi. Amenihakikishia."

Nilikujibu hivyo, Dada, na ukaniamini, kwa sababu katika kazi yangu hukuwahi kunikuta mwongo.

Siku ile moto ulianzia kwenye marobota ya vipande vya vitambaa, karibu na mlango wa mbele, saa tisa na robo alasiri. Wewe ulikuwa kiongozi wa safu, una watu kumi na mmoja. Ulitoka nao, ukawahesabu uani kwa kuwagusa vichwa, ukapata tisa. Ukarudi ndani kwa ajili ya wawili. Walioko uani wanasema walikuvuta nguo. Wanasema uliwaambia, "Niacheni, nitatokea nyuma."

Mmoja wa wale wawili yu hai. Ni yule mshonaji wa mikono ya mashati, aliyeruka dirishani akavunjika miguu yote. Nilimtembelea hospitalini miezi miwili baadaye. Hakutaka kusema. Aliuliza habari za Mama, akauliza habari za mvua, akauliza kama kiti nilichokalia kinayumba. Nikamwambia aseme tu, nimekuja kusikia.

Alisema mlango wa mbele ulipokuwa umeshashika moto, watu walianza kukimbia huku na huku, na wewe ukawaita. Uliwaambia, "Njooni nyuma, msisukumane. Lile komeo kaweka mdogo wangu. Mchana halifungwi."

Wakakufuata.

Alisema mlipofika mlango ule, wengine walikuwa wanausukuma tayari. Ulidhani wanausukuma vibaya. Ulisema, "Tuhesabu mpaka tatu, twende pamoja." Alisema ulihesabu mara nyingi. Yeye moshi ulimpeleka upande wa dirisha na hajui zaidi.

Umesema kaweka. Hata hapo, Dada, ulitumia neno sahihi.

Nami nilipofikishwa mbele ya Tume iliyochunguza moto sikulitumia. Niliitwa siku ya nne. Nilivaa suti ya Shemeji. Ukumbi ulijaa, taa za kamera zilinipiga usoni, na mwakilishi wa kampuni alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

"Fundi, pole sana kwa msiba. Nitakuuliza machache tu. Nani alifunga lile komeo?"

"Mimi."

"Ulilifunga wewe mwenyewe, hukumtuma mtu?"

"Nililifunga kwa mikono yangu, kwa bolti nne."

"Ahsante, fundi. Sina swali jingine."

Nilirudi kukaa nikiwa na fahari. Nilijiona nimesema kweli mbele ya wakubwa bila kutetemeka. Nilikuwa na kitabu cha funguo kwapani, nikingoja waniulize sasa funguo zilikuwa kwa nani. Hawakuniuliza. Nilimtazama Shemeji kule nyuma nikamwona amefunika uso kwa viganja, nikafikiri anakulilia wewe.

Ripoti ilitoka. Ukurasa wa arobaini na mbili unasema: "Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo na kufuli. Komeo hilo lilifungwa na fundi wa nje, kwa mikono yake, kama alivyokiri mwenyewe." Bolti nne hazimo. Meneja aliulizwa habari za funguo akasema hakumbuki. Mwisho wakaandika kwamba yote yalikuwa bahati mbaya, na kila mtu akaenda nyumbani kwake. Bahati mbaya haina ufunguo, Dada. Kufuli lile lilikuwa na funguo mbili.

Mtaani watu walipunguza salamu. Kuna mama mmoja aliyempoteza mumewe mlemle, alikuja karakana kwangu, akasimama, akayatazama makufuli yaliyotundikwa ukutani moja baada ya jingine, akaondoka. Hilo lilinipiga kuliko tusi. Na Mama, siku moja ananimiminia maji ya kunawa, aliniuliza bila kuniangalia.

"Mwanangu. Ulifunga?"

"Niliweka, Mama."

"Basi kwa nini hukusema hivyo?"

Nikanawa mpaka maji yakaisha.

Nitasema na hili, maana wewe hukupenda nifiche. Mwezi wa tatu baada ya msiba nilimtafuta Meneja nyumbani kwake. Nilikwenda asubuhi, mfukoni nina kufuli jipya na komeo fupi, la kupachika kwa dakika nne. Nilikuwa nimeshaupima mlango wake kwa macho siku mbili kabla. Nilitaka awe ndani. Nilitaka agonge, na mimi nikae barazani nimsikilize akihesabu mpaka tatu.

Nilimkuta mama mzee anafagia baraza. Alinisalimia vizuri. "Karibu mwanangu. Unamtafuta nani?" Alivaa sweta, na kifungo cha chini hakikuwepo, amekishikiza kwa pini.

Nikamwambia, "Nimekosea nyumba, mama."

"Pole. Nyumba zote hizi zinafanana," akasema, akaendelea kufagia.

Nilirudi na kufuli langu. Asije mtu akasema nilisamehe. Sikusamehe. Nilimwona mama wa mtu, basi.

Lakini mikono haikutulia. Jumamosi iliyofuata nilipita kwenye ukumbi wa mafundi cherehani kule juu, nikaona mlango wa nyuma una komeo la nje kama lile. Nikaingia nikamwambia mwenye ukumbi nataka kulitoa.

"Nani kakuita?"

"Hakuna."

"Wezi je?"

"Mwizi akiiba nguo, utashona nyingine."

"Wewe si ndiye yule fundi wa—"

"Ndiye. Nishikie ngazi."

Akanishikia. Nikalitoa, nikamwekea komeo la ndani linalofunguka kwa kusukumwa na kiwiko. Tangu hapo kila Jumamosi natafuta mlango. Shule, nyumba ya kulala wageni, stoo ya mkate, hata ukumbi wa mikutano wa wakubwa fulani ambao mlinzi wake alinifukuza mara mbili na mara ya tatu akanipa maji ya kunywa. Sijamwomba mtu chochote. Yale makomeo niliyoyatoa nimeyatundika kwenye waya karakana, yamefika ishirini na saba. Wateja wakiuliza ni ya nini nawaambia ni mapambo.

Shemeji siku moja aliyatazama akasema, "Huo ni wema au ni hasira?"

Nikamwambia, "Sijui, Shemeji. Nalala vizuri Jumamosi tu."

Akachukua brashi yake akayapaka rangi yasipate kutu. Yeye ni mpaka rangi, huo ndio usemi wake.

La ishirini na saba, Dada, ndilo lililonilipa. Lilikuwa kwenye zahanati, mlango wa nyuma wa wodi ya wazazi. Nilipokuwa nalegeza bolti, mlinzi wa zahanati alikuja kunishikia mlango usiyumbe. Niligeuka kumshukuru nikaona kwanza koti lake, koti kubwa la kijani, na kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Ninaujua uzi ule. Kuna wiki uliishiwa na uzi mweusi, ukasema mwekundu utamkumbusha mtu kwamba alishonwa.

Nikamtazama usoni. Ndiye yule mlinzi wa jumba lenu. Siku ile alikuwa zamu. Mbele ya Tume alisema alikuwa geti la mbele na hakuona lolote. Baada ya hapo akahama, na watu hawakujua alikokwenda.

Nikamwambia, "Koti zuri."

Akalishika pale kwenye kifungo. "Mke wangu alitaka kuubadilisha huu uzi. Nikamkataza."

"Uliona nini, kaka?"

"Kazi hii wale wa kampuni ndio walioniombea, fundi. Nina watoto."

"Dada yangu alikuwa na binti."

"Najua. Anaitwa Pini. Alikuwa anamletea mama yake mwavuli mvua ikinyesha." Alisema hivyo, kisha akauachia mlango, akarudi getini. Nilimaliza kazi peke yangu. Sikumfuata, kwa sababu mtu akivutwa atasema ulichotaka aseme, na mimi nilishaona maneno ya namna hiyo yanavyoandikwa.

Alikuja karakana wiki iliyofuata, siku ya kazi, saa tano asubuhi, koti mwilini na jua linawaka. Alisimama chini ya waya wa makomeo, akayahesabu kwa macho.

"Nilimwona akifunga," akasema.

Nikaweka tupa chini. Nikamwuliza, "Akifunga kwa maana ipi? Sema vizuri, kaka. Neno hili limeshanichoma mara moja."

"Kwa maana ya ufunguo. Watu walikuwa wanatoka nyuma kupunga upepo, Meneja akasema wanamchelewesha. Saa nane mchana aliufunga mlango kwa ufunguo mbele yangu, akautia mfukoni, akaenda ofisini. Moto ulipowaka nilikimbilia ofisini kwake kuomba ufunguo. Alikuwa ameshatoka na gari. Sikuwa na chuma. Nililipiga lile kufuli kwa jiwe." Akanionyesha kiganja. Kina kovu lililokaa kama mstari wa daftari. "Niliwasikia, fundi. Kulikuwa na mwanamke anahesabu."

Sitaandika nilichofanya baada ya kusikia hivyo. Watu wazima wawili walikaa juu ya debe la misumari, inatosha.

Kisha nikafungua kitabu cha funguo, ule ukurasa wenye sahihi ya mkia mrefu, nikampa kalamu. Akaandika chini yake, taratibu, herufi kubwa: "NILIMWONA MENEJA AKIUFUNGA MLANGO WA NYUMA KWA UFUNGUO. SAA NANE MCHANA. WATU WALIKUWA NDANI." Akatia sahihi. Akaniuliza, "Je, wakinifukuza kazi?" Nikamwambia atakuja kukaa hapa, tutatafuta milango pamoja, na watoto wake watakula tunachokula. Mama amesema hivyo hivyo. Mama amesema na mke wake aje.

Nilipokwisha kuandika haya nilimsomea Pini. Alikuwa mezani kwako, anajifunza kupinda. Amepata kumi na mbili, Dada, na ana mdomo wako.

Akauliza, "Mjomba, huyo Meneja unataka wamfanye nini?"

"Wamfunge."

"Kwa maana ipi?"

Nilicheka. Mara ya kwanza mwaka huu kucheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, "Zote, mjomba. Zote."

Jumatatu hii saa tatu asubuhi hakimu atanisikiliza kuhusu ule ukurasa wa arobaini na mbili. Mlinzi atakuwepo. Mshonaji wa mikono ya mashati atakuja kwa magongo. Yule mama aliyekuja kuyatazama makufuli yangu nimempelekea ujumbe, amejibu kwamba atakaa mstari wa mbele. Mimi nitavaa tena suti ya Shemeji. Nikiulizwa nani alilifunga lile komeo nitasema kwanza hakimu aniruhusu nieleze neno, maana dada yangu alinifundisha neno hili akiwa na pini mdomoni.

Na Meneja, kama unasoma, na najua utasoma kwa sababu nitalipitisha gazeti hili chini ya mlango wako mwenyewe: dada yangu alikushonea kifungo hukumwambia ahsante. Kile cha kwanza kilikuwa cha mkono wa shati. Cha pili nakutafutia mimi, na hicho hakikatiki kwa meno. Kama hakitapatikana Jumatatu, nitakitafuta Jumatatu nyingine. Mimi ni fundi wa vitasa, nimezoea kukaa mlangoni mpaka ufunguke. Mama yako msalimie. Kifungo cha sweta lake nitakiacha kwenye bahasha ndani ya gazeti. Ni cha kopo la dada yangu, rangi inakaribiana. Yeye hana kosa.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, mmeambiwa leo mtende wema. Fanyeni hivi. Mkumbatieni mtu wenu, kisha nendeni mkautazame mlango wa nyuma wa mahali anapofanyia kazi. Usukumeni. Usipofunguka ulizeni ufunguo uko kwa nani, na msiondoke mpaka mjibiwe. Mkihitaji fundi, ulizeni Funga, mtaani wananijua.

Dada, haya nayaongeza hapa hapa dirishani gazetini: aliyepokea tangazo hili aliniambia ni refu mno, kumbukumbu huwa mistari minane. Nikamwambia asome kwanza. Alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza akasema, "Liache lilivyo." Nilitazama mkono wa blauzi yake. Kifungo kimoja kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nikatoa kopo lako, nikamshonea pale pale kwenye dirisha. Nimeshona vibaya, uzi umejikunja kunja, na kukata kwa meno nilishindwa. Lakini kimeshika.

Unakumbukwa na Mama, ambaye bado anakuita chakula kikiiva. Na mume wako, mpaka rangi, aliyepaka kaburi lako jeupe mara mbili. Na binti yako Pini, anayeulinda mkasi. Na mimi mdogo wako, Funga, niliyeweka komeo. Mlinzi ameomba atajwe pia, kwa uzi mwekundu.

Siku zote tulizobakiwa nazo tutakukumbuka wewe, Dada. Na yeye aliyeufunga mlango tutamkumbuka.